CFAP ni nini? Ile hela ya korona ya wakulima wa Marekani

Ukisikia mkulima wa Iowa au Nebraska anasema alipata hela ya korona, mara nyingi anaongelea CFAP, na hapa watu wanachanganya sana. Sio ile cheki ya dola 1,200 waliyopewa wananchi 2020, sio mkopo wa PPP wa biashara ndogo, wala sio bima ya mazao. CFAP (Coronavirus Food Assistance Program) ulikuwa mpango wa wizara ya kilimo ya Marekani, USDA, uliotangazwa Aprili 2020 kumfidia mkulima ambaye bei ya mazao au mifugo yake imeanguka kwa sababu ya korona. Fungu zima lilikuwa dola bilioni 19, ila za kumlipa mkulima moja kwa moja zilikuwa bilioni 16, zile 3 ni za serikali kununua vyakula na kugawia wahitaji.

Shida yenyewe ilianzia mbali na shamba. Shule zimefungwa, mahoteli yamefungwa, viwanda vya nyama navyo vikaanza kusimama maana wafanyakazi wanaugua, kile kikubwa cha nguruwe cha mji wa Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa Aprili hiyohiyo, sasa mfugaji ana nguruwe wamefikia uzito wa kuchinjwa na hakuna pa kuwapeleka, na wa maziwa wengine wakawa wanayamwaga tu.

Hesabu yake sasa ndo watu hawaielewi. Hawakuangalia nani ana shida zaidi, waliangalia una nini na kiasi gani. Tuseme uliuza ndama 50 wenye uzito wa chini ya pauni 600 (kama kilo 272) kati ya Januari 15 na Aprili 15, 2020, kila mmoja alilipiwa dola 102, kwahiyo ni 5,100. Na wale ambao hukuwauza ukabaki nao mpaka kipindi cha katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei ulilipwa dola 33 tu kwa kila mmoja, yaani aliyeuza siku moja kabla na aliyeuza siku moja baada walipishana vibaya mno, na manung'uniko mengi yalitokea hapo. Halafu mwanzoni ulipewa asilimia 80 kwanza, iliyobaki ikaja Agosti, waliogopa fungu lisije likaisha njiani.

Uliombea wapi? Ofisi ya FSA ya kaunti yako, yaani tawi la USDA linalohudumia wakulima, ile ile ya ruzuku zingine. Kipindi kile wengi walifanya kwa simu na barua pepe sababu ofisi zilifungiwa wageni, ulijaza fomu, uliandika idadi mwenyewe na kusaini kwamba ni kweli, stakabadhi ulikaa nazo nyumbani ili wakizitaka uwape. Kwa kaunti ya vijijini ambako karibu kila mtu anaishi kwa shamba, hela hiyo haikuishia kwa mkulima, ilienda kulipa deni la benki, mbegu, dizeli.

Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, kampuni yenye wenye hisa watatu wanaofanya kazi shambani kweli ingeweza kufika 750,000. Kwangu mimi hapo ndo pana utata, maana malipo yakifuata wingi wa mali basi mwenye ng'ombe 2,000 ndo anabeba zaidi, mdogo anaambulia kidogo, ingawa kweli hasara yake nayo ni ndogo kwa dola.

Septemba 2020 ikaja CFAP 2, hadi bilioni 14, na hii ilichukua waliokuwa wameachwa awamu ya kwanza, wa tumbaku kwa mfano na wa mayai. Ng'ombe huku ilikuwa dola 55 kwa kila mmoja.

Ah na ile hela ilitozwa kodi, ilihesabiwa kama mapato ya shamba. Kurudisha hurudishi, labda wakikagua wakute idadi uliyoandika haikuwepo.