Kusafiri kwa Kasi Kuliko Mwanga: Maana na Mipaka Yake

Kusafiri kwa kasi kuliko mwanga ni dhana ya chombo kutoka sehemu moja ya anga hadi nyingine kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga ungetumia kufika huko. Katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, mwanga hukata takriban kilomita 299,792 kila sekunde, hivi kwamba nuru ya taa za wavuvi wa dagaa walio kilomita kumi kutoka ufuko wa Mwanza humfikia mtazamaji kabla ya kutimia hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Kasi hiyo huanza kuonekana ndogo pale inapopimwa kwa umbali wa nyota. Usiku wa Mei au Juni, anayetazama kusini kutoka Mwanza, upande wa Misungwi, huona karibu na Msalaba wa Kusini nyota mbili zing'aazo, na ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, ambayo mwanga wake husafiri miaka 4.37 hivi kabla ya kutufikia. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukata umbali huo.

Wengi hudhani kwamba kinachokosekana ni injini yenye nguvu ya kutosha. Nadharia ya uhusianifu aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905 inaonyesha kwamba kitu chenye tungamo kinapoikaribia kasi ya mwanga, nishati inayotakiwa ili kukiongezea kasi hupanda bila kikomo. Katika mtambo mkuu wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe ndogo kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni husukumwa hadi asilimia 99.999999 ya kasi hiyo, na hapo hata nishati ikiongezwa maradufu, kasi huongezeka kwa kiasi kidogo mno. Pingamizi zito zaidi, ambalo nadhani halitajwi inavyostahili, linahusu mfuatano wa matukio: ujumbe ukiutangulia mwanga, wapo watazamaji ambao kwao ungepokewa kabla ya kutumwa, na tokeo likaitangulia sababu yake.

Kikomo hicho, hata hivyo, ni cha mwanga ulio katika ombwe. Ndani ya maji mwanga hupungua hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na elektroni zinaweza kuupita, zikazaa mng'ao wa buluu unaoonekana katika mabwawa ya vinu vya nyuklia na unaoitwa kwa jina la mwanafizikia Pavel Cherenkov, kama vile boti iendayo kasi kuliko mawimbi ya ziwa inavyoyakusanya yakawa wimbi moja lenye umbo la kabari.

Jambo lisilotarajiwa ni kwamba msafiri hahitaji kuupita mwanga ili afike mbali akiwa hai. Akienda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, saa za duniani zingehesabu miaka 4.4 hadi afike Alpha Centauri, ilhali yake ingehesabu miezi saba na nusu tu. Hasara ni ya waliobaki nyumbani.

Pendekezo linalojadiliwa sana ni la mwanafizikia wa Meksiko, Miguel Alcubierre, la mwaka 1994. Kwa milinganyo ya Einstein mwenyewe, alionyesha kwamba anga iliyo mbele ya chombo inaweza kubanwa na ile ya nyuma kutanuliwa, chombo kikabaki kimetulia ndani ya kiputo kinachosonga kwa kasi kuliko mwanga. Hesabu zake ni sahihi, lakini zinadai nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri, kwa wingi ambao hakuna ajuaye namna ya kuupata. Isitoshe, kiputo kikishaupita mwanga, hakuna ishara kutoka ndani inayoweza kuufikia ukingo wake wa mbele, kwa hiyo waliomo hawawezi kukiongoza wala kukisimamisha.