Nani anafika darasa la fizikia chuoni?

Orodha ya mwaka wa kwanza wa shahada ya fizikia ikitoka, wengi huhesabu wasichana kwanza. Si vibaya. Mimi naangalia pia safu ya shule: nani katoka Liwale, nani Newala, huku kusini mwa Tanzania, nani kasoma shule ya kata isiyo na maabara.

Mchujo wenyewe hufanyika mapema. Kwa miaka mingi mwanafunzi akimaliza kidato cha pili amekuwa akichagua kuendelea na fizikia au kuiacha, ilhali hisabati na baiolojia zimekuwa lazima kwa wote. Akiiacha, tahasusi za kidato cha tano zenye fizikia zimemponyoka: PCM (fizikia, kemia, hisabati) imekwenda, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) imekwenda, na sisi wa chuo hatumwoni tena. Huku kusini upimaji wa kidato cha pili huangukia msimu wa korosho, wakati kila mkono unahitajika shambani, na mwalimu wa fizikia pengine ni wa kujitolea, mmoja kwa mikondo yote. Halafu tunasema watoto wa Lindi na Mtwara hawapendi sayansi!

Uingereza, yenye walimu na vifaa kutuzidi, ilikuta kwamba mwaka 2011 karibu nusu ya shule za serikali za mchanganyiko hazikuwa na msichana hata mmoja aliyeendelea na fizikia ngazi ya A-level. Kwenye shule za wasichana watupu walioendelea nayo walikuwa wengi zaidi. Baadhi ya shule hizo huchuja wanaoingia, kweli, lakini tofauti ya namna hiyo hailetwi na akili peke yake. Ndiyo maana nazipa uzito shule za sayansi za wasichana zinazojengwa mikoani.

Chuoni nako tusijisifu. Tazama kikundi cha watano wakipima ukinzani wa waya: mvulana ameshika nyaya, mwingine anasoma ammita na voltimita, msichana kakabidhiwa daftari kwa kuwa "ana mwandiko mzuri". Muhula unaisha hajawahi kuunga saketi. Dawa yake haina gharama: zamu zibadilike kila jaribio, na mwalimu asimamie. Mwanafunzi asiyeona vizuri naye asipewe daftari tu kwa kumhurumia; kuna mita zinazotamka vipimo.

Wewe mzazi wa Tandahimba au Ruangwa, mwanao akiwa bado kidato cha kwanza, nenda shuleni ukaulize: fizikia anafundisha nani, na watoto wameshika vifaa mara ngapi tangu Januari?