Mafuta ya bangi na sindano ya mwezi: yanayosemwa na yanayojulikana

Jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, ana kijana wa miaka 23 mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Kila mwezi humpeleka kliniki kudungwa sindano ya ugonjwa huo, na baadaye kijana hushinda siku kadhaa mwili umekakamaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Juzi mama huyo alinijia na kichupa cha mafuta alichouziwa mjini. "Dadangu, wanasema haya yanatoka kwa bangi lakini hayaleweshi. Si nimwachishe sindano nimpe haya?"

Nimemtunza mdogo wangu mwenye ugonjwa uo huo kwa miaka 11, kwa hivyo sikuweza kumlaumu. Ameuliza swali la haki. Majibu anayopewa mtaani ndiyo yamechanganyika.

"Bangi ni bangi. Kama ni dawa, hata shada (bangi ya kuvuta) ni dawa."

Mmea huo una kemikali nyingi, ila hapa mbili ndizo muhimu, na haziendi njia moja. THC ndiyo inayolewesha. Kanabidioli, inayoitwa pia CBD, ndiyo inayosemwa imo kwenye mafuta kama yale, na haileweshi mtu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwadunga THC watu wenye afya njema: wakaanza kushuku waliowazunguka na mawazo yao yakavurugika kwa muda. Mwaka uliofuata walieleza walichokiona kwa wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wametulia walipodungwa vivyo hivyo: dalili zao zilipanda. Kule Uswidi nako, vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yalitoka mwaka 1987: waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatikana na skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta.

Kijana anayevuta ili sauti zinyamaze hadanganyi akisema anapata nafuu ya saa moja. Lakini moshi ule una THC, na THC ndiyo inayochochea zile sauti.

"Wazungu wamethibitisha CBD inafanya kazi sawa na dawa za hospitali."

Hili ndilo lililomfikisha jirani yangu dukani, na lina chembe ya ukweli. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 42. Wengine walipewa kanabidioli hadi miligramu 800 kwa siku, wengine dawa ya kawaida iitwayo amisulpridi. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, na wa kanabidioli hawakukakamaa wala kunenepa kama wenzao. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilifurahi sana. Bado naamini ni njia inayostahili kuchunguzwa.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wagonjwa 88 waliotumia miligramu 1,000 za kanabidioli kwa siku au dawa bandia (isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu), kwa wiki sita. Waliopata kanabidioli walionyesha nafuu ndogo, lakini wote waliendelea kumeza dawa zao za kila siku. Hakuna aliyeachishwa. Mwaka huo huo utafiti mwingine, wa wagonjwa 36 na miligramu 600, haukuona tofauti yoyote na dawa bandia. Na mwaka huo Marekani iliidhinisha kanabidioli safi ya hospitali kwa kifafa kikali cha watoto. Haikuidhinishwa kwa skizofrenia.

Nilikichukua kile kichupa nikasoma karatasi yake: miligramu 500, chupa nzima. Kwa kipimo cha watafiti, kingeisha kabla ya jua kutua. Jirani yangu alikuwa ameambiwa ampe kijana matone matano asubuhi.

"Ya mmea haina madhara. Ya hospitali ni sumu."

Kanabidioli kwa wingi huleta usingizi na kuharisha, huweza kuumiza ini, na hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa nyingine. Tumbaku inayochanganywa na bangi nayo hupunguza nguvu ya olanzapini na klozapini, dawa za skizofrenia, mwilini.

Kuhusu sumu, nasema kwa uchungu. Mwaka wa nne wa ugonjwa wake mdogo wangu aliacha vidonge kimyakimya. Wiki ya sita tulimpata kando ya Thika Road, pekupeku, akibishana na magari. Tafiti 65 zilizojumlishwa mwaka 2012 zinaonyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa huwarudia watu 27 kati ya 100 wanaoendelea na dawa, na 64 kati ya 100 wanaoachishwa.

Hiyo haimaanishi kijana avumilie kukakamaa. Kukakamaa na kutetemeka kuna tiba: kipimo hupunguzwa, huongezwa kidonge cha kulegeza misuli kama benzheksoli, au dawa yenyewe hubadilishwa. Dawa mbili zikishindwa ipo klozapini, inayohitaji damu kupimwa mara kwa mara. Wengi wetu hatuyasemi haya kliniki. Foleni ni ndefu na daktari amechoka, nasi tunaona aibu.

"Siku hizi bangi ya dawa imeruhusiwa."

Si hapa. Kwa sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, kupatikana na bangi Kenya bado ni kosa, na anayeuza mafuta kwa siri hana wa kumkagua alichotia ndani.

Jirani yangu atakwenda kliniki Alhamisi na kile kichupa mkobani, akiweke mezani. Nimemwandikia maswali kwenye kipande cha karatasi: kipimo cha sindano kinaweza kushuka? Kuna kidonge cha huku kukakamaa? Kama hapana, tunaweza kujaribu dawa gani nyingine? Ameniomba nimsindikize, maana akifika mlangoni husahau yote.