Bakapu si ukaguzi

Wiki hii nimelisikia tena, kwenye makabidhiano ya zamu: "Ukaguzi wa mabadiliko tunao, kila usiku seva inavuta usanidi wa ruta na swichi zote." Nilinyamaza kwa kuwa chai ilishafika. Hapa sinyamazi.

Maana yenyewe ni fupi. Kukagua mabadiliko ya usanidi, yaani mipangilio inayokiongoza kifaa, ni kuweza kusema, kwa kila badiliko kwenye kifaa cha mtandao, nani kalifanya, saa ngapi, kagusa nini na kwa idhini ya nani. Kisha mtu mwingine, asiyekuwa yeye, ayapitie hayo na kuuliza maswali. Basi.

Kinachovutwa usiku ni bakapu, au nakala rudufu kwa Kiswahili cha vitabuni. Inakwambia kifaa kilikuwaje saa sita usiku. Yaliyopita mchana haiyajui. Ofisi moja niliyowahi kuihudumia ilipoteza mtandao wa madirisha ya malipo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Fundi alitaka kuongeza VLAN 30 (VLAN ni mtandao mdogo uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa) kwenye trunk, njia inayobeba VLAN nyingi, ya swichi ya Cisco, akasahau kuandika neno "add". Ukilisahau hilo, swichi haiongezi. Inafuta orodha yote na kubakiza hiyo 30 peke yake. Mwenzake akaja kuirudisha orodha, na hiyo 30 ikaachwa nje, ikawa kama hakuna kilichotokea. Tulipolinganisha nakala ya usiku wa Jumatatu na ya Jumanne, zilifanana herufi kwa herufi. Ripoti ikaandika: hakuna mabadiliko.

Wenye RANCID au Oxidized, programu za kuvuta na kutunza usanidi, watasema wao wana zaidi ya nakala, wana ulinganisho. Sawa, na RANCID ina haki ya kujivunia hilo, maana herufi ya mwisho ya jina lake ndiyo inayosimamia kutafuta tofauti. Lakini kwenye usanidi wa Cisco, juu kabisa, huwa kuna mstari unaotaja badiliko la mwisho lilifanyika lini na nani kalifanya. RANCID huutupa mstari huo makusudi, kwa sababu hubadilika hata mtu akiingia kwenye hali ya usanidi akatoka bila kugusa kitu. Imejengwa kutunza nakala safi, si kumtafuta mtu.

Neno "audit" limetoka kwenye Kilatini, kitenzi cha kusikia. Zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya msikilizaji, naye akauliza pale zilipokwama. Kiswahili kilichagua jicho: kukagua ni kwenda ukaangalie mwenyewe. Sikio au jicho, lazima awepo mtu upande wa pili. Faili lililolala kwenye seva halijakaguliwa na yeyote.

Tanzania tunaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na watu husoma cheo hicho kama neno moja refu. Ni kazi mbili. Mdhibiti huidhinisha fedha kabla hazijatoka mfuko mkuu. Mkaguzi huja baada ya matumizi. Wakenya, kwa katiba ya 2010, walizitenganisha kabisa, wakaweka ofisi mbili. Kwenye mitandao kazi hizo bado huchanganywa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilipopotea mtandaoni kwa saa kama sita, wahandisi wake walieleza kwamba zana yao ya "audit" ilikuwa na hitilafu, ikashindwa kuizuia amri iliyoukata mtandao wao wa ndani. Kuzuia! Huyo ni mdhibiti aliyevaa kofia ya mkaguzi.

Anayekosekana kwenye ofisi nyingi ni mhasibu: TACACS+, mfumo wa kusimamia wanaoingia kwenye vifaa, unaoweza kuandika kila amri pamoja na jina la aliyeipiga. Ila kama mafundi wanane mnaingia kwa "admin" mmoja, daftari litajaza "admin" ukurasa mzima. Saa za vifaa nazo ziwekwe sawa kwa NTP, njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao, na mkubaliane ni saa zipi. Logi, yaani daftari la matukio, ikiandika 07:12 kwa UTC, saa ya kimataifa, saa ya ukutani Dar es Salaam ni 10:12, na sisi tunaita saa nne na dakika kumi na mbili. Nimeshaona hiyo 07 ikisomwa saa saba, mtu akaulizwa kuhusu saa saba mchana, wakati yeye alikuwa msikitini.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa zamu ya usiku, ulichonacho ni bakapu, na ni bakapu nzuri. Swichi ikiungua leo utaniokoa. Iite hivyo tu. Siku utakayoweza kunionyesha nani aliondoa VLAN za madirisha saa nne, nani aliyezirudisha, na nani aliyewauliza wote wawili, nitakuwa wa kwanza kukuita mkaguzi.