Makali ya wembe: ukali ni kitu kimoja, kudumu ni kingine

Anayenyoa kwa mashine ya wembe wa pande mbili huuliza: wembe upi ni mkali zaidi, na upi unadumu? Hayo ni maswali mawili, na mara nyingi majibu yake hayaendi pamoja.

Ukali ni udogo wa nguvu inayotosha kukata unywele. Wembe ukikata udevu kwa kuugusa tu, huo ni mkali. Ukiuvuta kwanza ndipo uukate, makali yamepungua. Hii ni sifa ya wembe wenyewe, na inapimika kwa mashine bila uso wa mtu yeyote. Kudumu ni hesabu ya mara ambazo wembe utanyoa kabla haujashuka chini ya kiwango unachokikubali wewe. Hesabu hiyo haijaandikwa kwenye chuma. Inatokana na wembe, ndevu, mashine na mkono kwa pamoja. Wembe ule ule unaomfikisha mmoja mara saba unaweza kumshinda mwingine mara ya tatu, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kuna sifa ya tatu ambayo watu huichanganya na ukali: ulaini, yaani jinsi wembe unavyoteleza juu ya ngozi. Wembe unaweza kuwa mkali na bado ukakwaruza. Mwingine unaweza kuteleza vizuri huku ukiacha vinyweleo chini ya taya. Anayesema wembe fulani "ni mkali mno" mara nyingi analalamikia ulaini: utelezi ni mdogo, ngozi inawaka, na lawama inaangukia makali.

Wembe wa kawaida una unene wa milimita 0.1 hivi na upana wa milimita 22. Chuma chake kwa kawaida ni kile kisichoshika kutu kirahisi, chenye kromi takriban asilimia 13 na kaboni takriban asilimia 0.7. Kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi na kupozwa ghafla; kromi inazuia kutu. Kisha kingo zinanolewa kwa hatua, kutoka jiwe la kukwangua hadi jiwe laini, na mwisho kusuguliwa kwenye ngozi ya mnyama. Ncha inayobaki ina mviringo wa chini ya nanomita 100, wakati udevu mmoja una kipenyo cha karibu nanomita 100,000. Ni kwa wembamba huo wembe unakata, na ni kwa wembamba huo unaharibika haraka.

Makali matupu ya namna hiyo yangenyoa vibaya. Ndiyo maana hupakwa tabaka mbili. Ya kwanza ni ngumu, kwa kawaida kromi au mchanganyiko wa kromi na platinamu, na kazi yake ni kuimarisha ncha. Ya pili ni tefloni, nyembamba sana, iliyoyeyushwa juu ya chuma kwa joto linalopita nyuzi 327. Tefloni hainoi chochote. Inapunguza msuguano ili makali yapenye ndani ya udevu bila kukwama. Baadhi ya nyembe hunyoa vizuri zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu tefloni iliyozidi kwenye ncha huondoka katika mapitio ya mwanzo, yaani mara za kwanza wembe unapopitishwa usoni, na kuacha utando mwembamba. Ukiuhukumu wembe kwa siku ya kwanza tu, umehukumu pako, yaani tabaka hizo, zaidi ya chuma.

Kabla ya chuma kisichoshika kutu na pako hizo mambo yalikuwa tofauti. Mashine ya Mmarekani King C. Gillette ilipoanza kuuzwa mwaka 1903, nyembe zilikuwa za chuma cha kaboni. Chuma hicho kinanoleka vizuri sana, lakini kinapata kutu usiku mmoja tu kikiachwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza ya Wilkinson Sword iliingiza sokoni nyembe zisizoshika kutu zenye pako, na watu wakaanza kuhesabu kunyoa mara kadhaa kwa wembe mmoja. Nyembe za kaboni bado zipo na zina wapenzi wake. Ukizitumia, zikaushe kila mara, na usizilinganishe na zile nyingine kwa kipimo cha kudumu.

Sasa, makali yanakwishaje? Wengi hudhani yanasagika polepole kwa msuguano. Hilo lipo, ila si kubwa. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, Gianluca Roscioli na wenzake, walichapisha katika jarida la Science walichokiona kwa hadubini ya elektroni wakati wembe unakata nywele. Chuma cha wembe ni kigumu takriban mara 50 kuliko unywele, na bado unywele unakimega. Unywele ukisimama wima na kukatwa moja kwa moja, makali hayapati shida. Ukipinda, ukaegemea wembe kwa pembe, nguvu inaelekea pembeni. Pale ambapo chuma hakiko sawasawa, sehemu ngumu ikipakana na sehemu laini zaidi, ufa unaanza na kipande kidogo kuliko upana wa unywele kinamomoka. Pengo moja hulisikii. Mapengo yakiwa mengi, wembe unaanza kuvuta.

Kutokana na hilo mambo kadhaa ya bafuni yanaeleweka. Ndevu zikilowa kwa dakika mbili au tatu katika maji ya uvuguvugu zinavimba na kulainika, na nguvu ya kuzikata inashuka. Kunyoa ndevu kavu kunakula wembe. Mashine inayoacha wembe utikisike, au pembe inayokwaruza badala ya kukata, inazidisha kupinda kwa nywele. Ndevu za siku tatu zinakula makali kuliko za siku moja kwa sababu zinainama na kulala chini ya wembe. Ndevu nene za kidevuni zinakula zaidi ya za shavuni.

Kutu nayo ina sehemu yake, hata kwa chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa ncha ni nyembamba mno na maji ya bomba yana chumvi. Kuna tatizo jingine linalofanana na ubutu lakini sio: ukoko wa chokaa na sabuni unaoganda kwenye makali kama maji ni magumu. Suuza kwa maji yanayotiririka, kung'uta, acha pakauke penye hewa. Usifute makali kwa taulo wala karatasi. Unachokikwangua hapo ni tefloni. Kuufungua wembe kila siku ili uukaushe vizuri huleta hasara zaidi ya faida, kwani kila unapoutoa na kuurudisha kuna nafasi ya makali kugonga chuma cha kichwa cha mashine.

Kwa nini basi mkali zaidi asiwe ndiye anayedumu zaidi? Wakati mwingine ndiye. Lakini ncha ikifanywa nyembamba zaidi, chuma kinachoishikilia kinakuwa kidogo na kinamomoka kwa urahisi. Mtengenezaji anayeongeza unene kidogo nyuma ya ncha anapata wembe ulio mpole mwanzoni na usiobadilika sana. Chora grafu: siku za kunyoa chini, nguvu ya kukata pembeni. Wembe mmoja unaanza chini kabisa kisha mstari unapanda ghafla. Mwingine unaanza juu kidogo na kwenda karibu tambarare. Feather za Japani zina sifa ya kuwa miongoni mwa nyembe kali kuliko zote siku ya kwanza, na wengi wanaozitumia huzibadilisha mapema. Astra na nyingine za aina hiyo zina sifa ya kutoshtua mwanzoni wala baadaye. Hizo ni sifa za jumla. Nyembe za jina moja hutofautiana, hata ndani ya pakiti moja, na kampuni ikihamisha kiwanda jina linabaki lile lile.

Kupima ukali peke yake kunawezekana nyumbani kwa kiasi. Kuna vifaa vinavyobonyeza makali juu ya uzi maalumu uliokazwa na kusoma gramu zinazohitajika kuukata. Wembe mpya wa pande mbili husoma karibu gramu 50. Ukipima, chukua sehemu tano au sita kwa kila ukingo. Mapengo hayasambai sawa, na kipimo cha sehemu moja kinaweza kuangukia mahali pazima au palipomomoka. Ukirudia kila baada ya kunyoa, una ile grafu mkononi. Jaribio la kuning'iniza unywele na kuugusisha makali linatenganisha wembe mbovu na mzuri, basi. Haliwezi kutenganisha wembe mzuri na mzuri zaidi, na nywele zenyewe hutofautiana. Kukata karatasi hakuna maana hapa. Kujaribu juu ya ukucha kunaharibu kile unachokipima.

Kupima kudumu kunahitaji uso, na uso unadanganya usipoubana. Tumia mashine moja, sabuni moja, muda ule ule wa ndevu kukua, tuseme saa 24, na idadi ile ile ya mapitio. Ukitaka kulinganisha nyembe mbili, njia bora ni kuzigawia uso: mashine mbili za aina moja, wembe mmoja kila mashine, moja kwa shavu la kulia na nyingine kwa la kushoto. Kesho yake badilisha pande. Anayetumia mkono wa kulia ananyoa shavu la kushoto kwa pembe tofauti, na asipobadilisha pande atakuwa analinganisha mashavu yake. Mwombe mtu mwingine akufungie nyembe na aweke alama chini ya vishikio, usijue upi ni upi hadi mwisho. Bei na jina vinaingia kwenye ngozi kuliko tunavyopenda kukiri.

Andika mambo matatu kila siku. Je, wembe ulivuta kidevuni au juu ya mdomo katika pitio la kwanza? Hapo ndipo ndevu ni nene na zimesongamana, na ndipo makali yanayokwisha husikika kwanza, siku moja au mbili kabla ya mashavu kujua lolote. Je, ulirudia mara ngapi mahali ulipokwisha kupita? Na je, shabu iliwasha kiasi gani? Pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa juu ya ngozi iliyosuuzwa: panapowaka ndipo wembe ulipokwangua, hata kama hakuna damu. Siku mstari unapopanda kwa mbili kati ya hizo tatu, wembe umekwisha, na idadi uliyofikia ndiyo jibu. Kwa watu wengi ni kati ya mara tatu na saba. Usiendelee kwa ukaidi ili upate namba kubwa. Wembe butu hukata ngozi zaidi kwa kuwa unaanza kuukandamiza bila kujijua.

Nyembe tatu za jina moja, ikiwezekana kutoka pakiti tofauti, ndizo chache kabisa kabla ya kutoa hukumu. Na tumia kingo zote mbili sawa. Mtu akielemea upande mmoja, wembe "unakufa" ukiwa na ukingo mzima usioguswa. Nyembe nyingi zina namba 1 hadi 4 kwenye pembe. Zitumie kujua ukingo upi umeutoa, ili ukiufungua na kuurudisha uwe unajua umeugeuza au la.

Nyembe nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. Kabla ya kuutupa wembe mpya unaovuta, tazama mashine kwa mbele, kichwa kikiwa sawa na macho yako: makali yaliyochomoza yanapaswa kuwa sawa kulia na kushoto, na sawa kutoka mwisho hadi mwisho. Wembe ukikaa mshazari, ukingo mmoja unauma na mwingine haukati, na utaapa kuwa kiwanda kimekosea. Legeza kishikio, bonyeza kichwa kwa kushika ncha fupi za wembe na sio makali, kaza tena. Angalia pia kama nta iliyokuwa ikishikilia wembe kwenye karatasi yake imebaki katikati ikiuinua; ikwangue kwa ukucha, mbali na makali. Kisha angalia povu. Likiwa kavu, wembe wowote utavuta.

Kuhusu kunoa upya kwa kusugua wembe kwenye kiganja, glasi au jinzi: mapengo hayarudishiki kwa kusugua. Kinachowezekana ni kunyoosha ncha iliyolala, na kwa chuma kigumu hivi hilo ni sehemu ndogo ya tatizo. Kupitisha makali kwenye kizibo laini cha chupa ili wembe mpya upoe ukali kunaondoa tefloni na pengine ncha yenyewe. Kama wembe ni mkali mno kwako, nunua mwingine au tumia mashine ya kichwa kipole. Makali yale yale yakichomoza kidogo zaidi au kidogo pungufu ni wembe tofauti usoni.

Ukisoma tathmini ya mtu, basi, tafuta kwanza aina ya ndevu zake, mashine aliyotumia, alinyoa baada ya saa ngapi, na maneno yake yanahusu mara ya ngapi. "Mkali sana, nimenyoa mara moja" ni habari ya ukali tu. "Mara tisa bila shida" kutoka kwa mwenye ndevu chache na laini haimsaidii mwenye kidevu kinachovunja nyembe. Atakayekusaidia ni yule mwenye ndevu kama zako aliyeandika kuwa mara ya nne ilianza kuvuta chini ya pua.