"Ile ya rangi": kuhusu picha za nyuzi za ubongo wa mtoto

Malalamiko yamezidi kwenye dirisha letu la MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Mzazi anafika na simu mkononi, anaonyesha ubongo wenye nyuzi nyekundu, kijani na buluu uliosambaa WhatsApp, anadai "ile ya rangi". Akipewa nyeusi na nyeupe, anaona amepunjwa.

Hakupunjwa. Rangi hizo hazimo kichwani mwa mtoto. Mashine hupima mwendo wa maji, ambayo ndani ya ubongo hufuata uzi wa neva kwa urahisi kuliko kuukatiza. Kompyuta hukisia njia ya uzi kutokana na hapo. Nyekundu ni kushoto-kulia, kijani mbele-nyuma, buluu juu-chini. Basi.

Mtoto aliyezaliwa bila korpasi kalosamu, daraja la nusu mbili za ubongo, nyekundu ya katikati haionekani. Mara nyingi utakuta fungu nene la kijani kila upande: nyuzi zilikosa pa kuvukia, zikageuka na kwenda mbele-nyuma upande wao uleule. Daktari Probst alizieleza mwaka 1901, bila sumaku yoyote. Tukiandika "daraja halipo", hatujaandika kwamba mtoto hatasoma. Wapo wanaosoma vizuri, wapo wanaosumbuliwa na kifafa. Wala si jicho la jirani, tafadhali.

Anayepewa dawa ya usingizi afunge kabla yake: chakula na maziwa ya kopo kwa muda wa saa 6, maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, maji matupu kwa muda wa saa 2. Akitapika amelala, kilicho tumboni huingia mapafuni. Uji ni chakula, hata vijiko viwili. Tumewarudisha wengi kwa vijiko viwili.

Toeni pini za nepi, hereni na hirizi yenye bati. Umeme ukikatika, sumaku bado inavuta. Mwenye mpira wa kutoa maji kichwani aje na kadi yake, maana baadhi ya valvu (vilango vya mpira huo) hubadilika mpangilio zikikaribia sumaku na lazima zikaguliwe baada ya kipimo.

Picha ni siri ya mtoto. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019, anayezitoa kinyume cha sheria hutozwa faini isiyozidi shilingi 4,800,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo shangazi anayepiga simu kutoka Dubai hatutamtumia kitu. Mzazi asaini fomu, achukue nakala yake, amtumie mwenyewe.