Bunilizi ya tabianchi ni nini?

Neno lenyewe limebeba nusu ya maelezo. Tabianchi ni tabia ya nchi, na tabia haijulikani kwa kikao kimoja. Mtu anaweza kufoka leo bila kuwa mkali. Hadi ukae naye ndipo useme huyu tabia yake ni hii. Ndivyo wataalamu wanavyotenganisha mambo mawili: mvua ya jana ni hali ya hewa, ilhali tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Bunilizi nayo ni kazi yoyote ya kubuni, iwe riwaya, hadithi fupi, tamthilia au filamu. Kwa hiyo bunilizi ya tabianchi ni hadithi ambamo nchi imebadilika tabia, na badiliko hilo ndilo linalowasukuma wahusika kutenda wanayoyatenda.

Uzito uko kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Jua kali katika sura ya kwanza halitoshi. Kipimo ninachokitumia mimi ni kuliondoa badiliko la tabianchi kisha kutazama kama kisa bado kinasimama. Tuseme kuna mzee wa pwani ambaye kisima chake kimeanza kutoa maji ya chumvi. Bahari ikipanda, chumvi hupenya ardhini kuelekea visimani, naye analijua hilo. Anawakataza wanawe wasiseme neno, kisha anamuuzia kiwanja rafiki yake wa utotoni. Ukiitoa chumvi, hakuna siri wala usaliti, na hadithi imekwisha. Hiyo ni bunilizi ya tabianchi hata kama neno hilo halikutajwa mahali popote. Lakini vijana wawili wanaopendana baada ya kukutana wakijikinga na mafuriko wangeweza kukutana kituo cha basi.

Aina hii ina ndugu yake mkubwa, bunilizi ya ikolojia, inayoshughulikia mahusiano ya viumbe na mazingira yao kwa jumla. Mto uliotiwa sumu na kiwanda, msitu uliofyekwa au samaki waliovuliwa hadi wakaisha ni habari za ikolojia, na si lazima ziwe za tabianchi. Wapo wanaozitia humo hata ngano za sungura na fisi. Mimi nasita. Sungura wa ngano ni mtu aliyevaa manyoya: anakopa, anadanganya, anaalikwa harusini. Hadithi ya ikolojia inataka sungura abaki sungura, mwenye njaa yake na shimo lake, na bado msomaji amjali. Hilo ni gumu zaidi kuliko kumpa mnyama ulimi.

Jina la kimataifa la aina hii, cli-fi, ni changa. Mwandishi wa habari wa Marekani, Dan Bloom, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni mnamo miaka ya 2000, akilifupisha makusudi ili lisikike kama lile la hadithi za kisayansi, sci-fi. Hadithi zenyewe zilitangulia mbali. Mwaka 1889 Jules Verne wa Ufaransa alitoa riwaya ambamo kundi la Wamarekani linanunua eneo la Ncha ya Kaskazini, kisha linapanga kuuhamisha mhimili wa dunia kwa kishindo cha mzinga mkubwa ajabu, ili barafu iyeyuke wapate kuchimba makaa ya mawe yaliyo chini yake. Mzinga huo unachimbwa, amini usiamini, ndani ya Mlima Kilimanjaro. Mpango unafeli kwa sababu mwanahisabati wao amekosea hesabu. Verne alikuwa akichekesha, lakini aliona mapema kwamba kuharibu tabianchi kunaweza kuwa biashara. Miaka 7 baadaye, mwaka 1896, Svante Arrhenius wa Uswidi alichapisha hesabu zake za jinsi hewa ukaa inavyoweza kuipasha dunia joto. Yeye hakukosea kwa kiasi kile.

Si kila hadithi ya dunia iliyofurika maji inalingana na maana tunayoizungumzia leo. Riwaya ya J. G. Ballard ya 1962 kuhusu miji iliyozama hutajwa sana kama mfano, lakini humo joto linasababishwa na jua lenyewe, si binadamu. Wahusika wana hofu na hawana hatia. Bunilizi ya tabianchi ya siku hizi haiwezi kulikwepa swali la nani alifanya, na hapo ndipo mwandishi anapopata shida kweli.

Hadithi imezoea kumwonesha mkosaji na aliyekosewa katika chumba kimoja. Hewa ukaa haifuati taratibu hizo. Inaweza kubaki angani kwa karne nyingi. Aliyeitoa kashakufa, anayeumia hajazaliwa, au yuko bara jingine kabisa. Isitoshe, mambo yenyewe huenda polepole. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, yaani kama shubiri moja. Shubiri moja kwa miaka zaidi ya 100! Mwambie mtunzi aandike msuko wa kusisimua juu ya hilo. Ndiyo maana wengi hukimbilia tukio: wimbi linaloimeza miji, au baridi inayogandisha nusu ya dunia kwa siku chache, kama katika filamu mashuhuri ya Hollywood ya 2004. Hapo kilichokuwa tabia kinageuzwa kuwa hasira za siku moja. Watazamaji hufurahi, ila hutoka ukumbini wakidhani mabadiliko ya tabianchi yatapiga hodi kwa kishindo.

Amitav Ghosh, mwandishi wa India, aliligusa tatizo hili kutoka upande mwingine mwaka 2016. Anasimulia kwamba mwaka 1978 alinaswa na kimbunga cha ghafla mjini Delhi, lakini kwa miaka yote ya uandishi wake hakuweza kukitia katika riwaya. Msomaji angekiona kimechomekwa tu ili kumsaidia mtunzi aliyekwama. Hoja yake ni kwamba riwaya ya kihalisia ilizoeshwa dunia tulivu, na yasiyo ya kawaida ikayasukumia kwenye rafu ya hadithi za kisayansi. Nadhani yuko sahihi, ingawa siuoni ubaya wa rafu hiyo. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya 2009, inakaa humo bila aibu. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa na kuchuja hata jasho na mkojo wao wapate cha kunywa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu na kutoroka kwenda kupanda mche. Hakuna anayehutubia juu ya mazingira. Tunamtazama tu mtu akipima tone la maji, na tone lile linatosha.

Kama hadithi hizi hubadilisha wasomaji, ni suala lisiloisha ubishi. Utafiti mmoja wa wasomaji wa Marekani, uliochapishwa 2018, ulikuta kwamba wengi wao walikuwa na wasiwasi kuhusu tabianchi hata kabla ya kufungua kitabu, na kwamba baadhi waliishia kukata tamaa. Sishangai. Ukimtisha mtu bila kumwachia mlango, ataficha uso.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo linazidi kuwachanganya wanaopanga vitabu kwa aina zake. Octavia Butler alichapisha mwaka 1993 riwaya inayoanza Julai 2024, katika California ya mioto na maji ghali kuliko petroli. Iliwekwa kwa miaka mingi kati ya hadithi za wakati ujao. Tarehe hiyo imeshapita, na Januari 2025 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, karibu na Los Angeles, mji ambako Butler mwenyewe amezikwa.